Bamba la Nyaya Ndani ya MRI: Dakika za Mtoto na Nguvu ya Ishara

Kipimo cha MRI hakina mionzi ya eksirei wala hakiumi, lakini kinadai kitu ambacho mtoto wa miaka mitatu hana uwezo wa kukitoa: alale bila kujitikisa, ndani ya bomba lenye kishindo, kwa nusu saa na wakati mwingine zaidi. Akigeuza shingo, picha inachafuka na sehemu hiyo ya kipimo hurudiwa. Akilia, hurudiwa tena. Ndiyo maana watoto wengi wadogo hupewa dawa ya usingizi kwanza, na dawa hiyo nayo ina masharti yake: mtaalamu wa usingizi awepo, pumzi na mapigo ya moyo yafuatiliwe, kipatikane kitanda cha kuamkia, na mzazi awe amemzuia mwanawe kula kwa saa kadhaa.

Kwa mzazi wa Bagamoyo hesabu hiyo huanzia barabarani. Rufaa ya MRI humwelekeza Dar es Salaam, iwe Hospitali ya Taifa Muhimbili, Taasisi ya Mifupa MOI iliyo jirani nayo, au Mloganzila. Kwenda mjini ni takriban kilomita 70, kupitia Kerege, Mapinga, Bunju na Tegeta, na foleni ya magari haisubiri ufike katikati ya jiji. Anayetoka Saadani ana safari nyingine nzima kabla ya hiyo. Mtoto aliyefungishwa chakula, akasafirishwa, akalazwa usingizi, kisha picha zisisomeke, amegharimu familia yake zaidi ya nauli.

Hivyo swali la dakika ngapi mtoto akae ndani ya bomba si swali la starehe. Linagusa usalama wake, na linagusa pia idadi ya wagonjwa ambao mashine moja inaweza kuwahudumia kabla jua halijatua. Katika miaka ya karibuni wanafizikia wamekuja na pendekezo la ajabu kidogo la kuzipunguza dakika hizo: wasiongeze nguvu ya sumaku, bali waweke karibu na mgonjwa bamba jembamba la nyaya zilizopangwa kwa mpangilio maalumu, bamba ambalo halina waya wa kuliunganisha na mashine wala halitumii umeme wa ukutani. Kitaalamu huitwa metasafesi.

Kabla ya kulieleza bamba, inafaa kuieleza shida linayotaka kuitatua.

Mwili wa mwanadamu umejaa maji, na kila molekuli ya maji ina viini vya haidrojeni, yaani protoni, ambazo hufanana na sumaku ndogo mno. Mgonjwa akiingizwa kwenye sumaku kubwa, protoni zake huzunguka mithili ya pia inayoyumba juu ya ncha yake. Katika mashine ya Tesla 1.5, ambayo nguvu yake ni zaidi ya mara 30,000 ya usumaku wa dunia, pia hizo huyumba takriban mara milioni 64 kwa sekunde. Mashine hutuma mawimbi ya redio ya masafa hayohayo, protoni huyapokea, kisha nazo hurudisha mawimbi hafifu. Mawimbi hayo yanayorudi ndiyo ishara, na kutokana na ishara kompyuta huchora picha ya ubongo, uti wa mgongo au goti.

Tatizo ni udogo wa ishara hiyo. Protoni nyingi hubatilishana zenyewe kwa zenyewe, nusu zikielekea huku na nusu kule. Kinachobaki cha kutengenezea picha ni ziada ndogo ya upande mmoja, na katika Tesla 1.5 ziada hiyo haifiki 10 katika kila protoni milioni 1. Wakati huohuo joto la mwili wenyewe huzalisha kelele ya umeme ambayo antena za mashine huipokea pamoja na ishara. Kelele ikizidi, picha inakuwa na chenga, kama zile za televisheni yenye antena mbovu.

Dawa ya chenga inayojulikana ni kurudia kipimo na kuchukua wastani. Lakini marudio hayalipi vizuri. Ukirudia mara 4, ubora wa ishara dhidi ya kelele huongezeka mara 2 tu. Ukitaka uongezeke mara 4, rudia mara 16. Hesabu hiyo ikisomwa kinyumenyume ndipo umuhimu wa bamba la nyaya unapoonekana: yeyote atakayeweza kuifanya ishara iwe na nguvu maradufu, atapata picha yenye ubora uleule kwa robo ya muda. Dakika 20 zinakuwa 5. Kwa vitendo hesabu haitoki safi namna hiyo, kwa kuwa baadhi ya muda wa kipimo hutawaliwa na mambo mengine, lakini hata nusu ya faida hiyo ingetosha kumwepusha mtoto mmoja mmoja na dawa ya usingizi.

Kwa miaka mingi jibu la viwanda lilikuwa kuongeza ukubwa wa sumaku: kutoka Tesla 0.2 hadi 1.5, kisha 3, na katika vituo vichache vya utafiti, 7. Kila ngazi ina gharama yake. Sumaku za aina hiyo hupozwa kwa heliamu ya kimiminika yenye baridi ya takriban nyuzi 269 chini ya sifuri, nazo hubaki sumaku usiku na mchana, umeme uwepo usiwepo. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, mtambo wa kupoza husimama na heliamu huanza kuchemka. Nchi isiyotengeneza heliamu, yenye umeme wa kusuasua na mafundi wachache wa mashine hizo, haiwezi kupanda ngazi hiyo kwa kasi ya wengine.

Ngoma mbili na wando mmoja

Namna bamba linavyofanya kazi inaweza kuelezwa kwa vitu viwili ambavyo wakazi wa pwani wanavijua.

Cha kwanza ni ngoma. Bagamoyo ni mji wa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, na wapigaji wake wanajua kwamba ngoma ya ngozi huoteshwa moto ili ngozi ikaze na sauti ipande. Ngoma mbili zikikazwa mpaka zikalingana, ukaipiga moja, ile ya pili iliyosimama karibu nayo hutikisika bila kuguswa. Ikiwa haikulingana, hukaa kimya. Waya wa shaba nao una sauti yake, ila ni sauti ya umeme: ukiwa na urefu mahususi, au ukiwa umesokotwa mizunguko mahususi, huitikia mawimbi ya masafa yake na kuyapuuza mengine. Bamba la MRI ya Tesla 1.5 hukazwa, tuseme, mpaka liitikie masafa ya milioni 64 kwa sekunde, yale yale ya protoni.

Cha pili ni wando, ule uzio wa fito ambao wavuvi huusimika kwenye maji ya kina kifupi. Ufito mmoja haumzuii samaki yeyote. Fito hizohizo zikipangwa kwa nafasi na pembe zinazojulikana, maji yanapokupwa samaki hujikuta wameongozwa mpaka kwenye chumba cha mtego. Nguvu ya wando haimo ndani ya mti, imo katika mpango. Metasafesi ni kitu cha jamii hiyo. Waya wake ni waya wa kawaida, lakini zikipangwa kwa nafasi ndogo sana zikilinganishwa na urefu wa wimbi, wimbi haliuoni waya mmoja mmoja. Hukutana na bamba zima kana kwamba ni kitu kipya chenye tabia isiyopatikana katika shaba wala plastiki. Wimbi la Tesla 1.5 lina urefu wa karibu mita 4.7 hewani, na bamba linaloliongoza lina unene wa sentimita chache tu.

Likiwekwa chini ya mgonjwa au kandokando ya kiungo chake, bamba hukusanya uga wa sumaku wa mawimbi hayo mahali panapotakiwa. Mawimbi ya redio yana pande mbili, wa sumaku na wa umeme. Upande wa sumaku ndio unaozungumza na protoni. Upande wa umeme ndio unaopasha mwili joto. Bamba lililosanifiwa vyema huzitenganisha pande hizo mbili: sumaku huifikisha katikati, alipo mgonjwa, na umeme huusukuma pembeni, kwenye ncha za nyaya. Hapo ndipo ufundi wake ulipo, na pengine ndilo jambo zuri kuliko yote katika uvumbuzi huu.

Wazo lenyewe lina umri. Mwaka 2001 wanasayansi wa Uingereza, akiwemo John Pendry wa Imperial College London, walichapisha katika jarida la Science jaribio la kuyaongoza mawimbi ya MRI kwa kutumia karatasi nyembamba za kupitisha umeme zilizoviringishwa kama mikeka. Mwaka 2016 kundi la Chuo Kikuu cha ITMO cha St. Petersburg, likishirikiana na wenzao wa Utrecht nchini Uholanzi, likaonyesha bamba la nyaya zisizo na usumaku zilizozamishwa majini, ndani ya mashine ya Tesla 1.5.

Maji hayo hayakuwa pambo. Waya ulioachwa hewani ungehitaji urefu wa zaidi ya mita 2 ili uitikie masafa ya Tesla 1.5, na hakuna kitanda cha MRI chenye upana huo. Maji hulifupisha wimbi takriban mara 9, kwa hiyo waya wa sentimita 26 hivi hutosha. Kwa mabilioni ya shilingi yanayotumika katika vyumba vya MRI, kuona sanduku la maji na nyaya likifanya kazi ya maana kunafurahisha.

Mwaka uliofuata watafiti wa Leiden na St. Petersburg walitumia bamba laini, linalokunjika, kwenye ubongo wa watu walio hai katika mashine ya Tesla 7. Mwaka 2019 kundi la Chuo Kikuu cha Boston, Marekani, likiongozwa na Xin Zhang na Stephan Anderson, liliripoti safu ya koili za shaba zilizosokotwa kwenye vigogo vya plastiki, ambayo iliongeza ubora wa ishara zaidi ya mara 4.

Mara 4 ya nini?

Msomaji wa afya anapokutana na tarakimu kama hiyo, swali la kwanza liwe: imelinganishwa na nini? Mashine ya MRI ina koili kubwa iliyojengwa ndani ya ukuta wa bomba, mbali na mgonjwa. Hiyo huwa dhaifu. Pia ina koili za kupokea zinazovalishwa mgonjwa, za kichwa, za goti, za mgongo, na hizo ndizo hutumika kila siku. Sehemu kubwa ya maongezeko yanayotangazwa hupimwa dhidi ya ile koili kubwa ya ukutani. Bamba likishindanishwa na koili ya kichwa iliyo nzima na ya kisasa, pengo hupungua sana.

Hata hivyo hoja haiishii hapo, hasa kwa hospitali za ukanda huu. Koili za kupokea ni ghali, zina kebo na plagi zinazochoka kwa kukunjwa kila siku, na ikiharibika moja hospitali husubiri nyingine kutoka ng'ambo. Bamba lisilo na kebo, ambalo halihitaji kuchomekwa kwenye mashine ya kampuni hii au ile, lingeweza kuwa akiba wakati koili ya goti au ya mgongo imeharibika. Matumizi hayo si ya kuvutia magazeti, lakini kwa Tanzania huenda yakawa ya kwanza kuwa na maana.

Kuna vikwazo vingine. Bamba huitikia pia mawimbi yanapotumwa, si yanapopokewa tu, na mkusanyiko wa nguvu wakati wa kutuma unaweza kuvuruga picha au kumuunguza mgonjwa. Kundi la Boston lilijibu hilo kwa kubuni bamba linalojinyamazisha lenyewe mawimbi makali yanapopita, kisha kuamka wakati ishara hafifu inaporudi. Isitoshe, mwili ukilisogelea bamba hulibadilishia sauti kidogo, kama mkono unaowekwa juu ya ngozi ya ngoma. Mtu mnene na mtu mwembamba hawaliachi katika hali moja. Na kwa pwani kuna chumvi. Anayeishi jirani na mashamba ya chumvi ya Bagamoyo anajua maisha ya bati na msumari ni mafupi kiasi gani, na waya wa shaba uliobadilika uso hauitikii kama ulipokuwa mpya. Bamba la huku litahitaji kufunikwa barabara.

Somo la Mbarara

Afrika Mashariki imekwisha kuonyesha njia nyingine, na inafaa kusomwa pamoja na hii. Katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, Johnes Obungoloch na wenzake, kwa ushirikiano na Andrew Webb wa Leiden na Steven Schiff wa Marekani, walijenga mashine ya MRI papo hapo chuoni. Vipande vyote, pamoja na zana, vilisafirishwa kwa ndege kutoka Uholanzi. Sumaku yake haina heliamu. Ni pete 23 zilizojazwa sumaku ndogo za kudumu, na nguvu yake ni militesla 50 tu, yaani moja ya thelathini ya mashine ya Tesla 1.5. Wakufunzi 4 na watu 6 ambao hawakuwa na mafunzo ya kazi hiyo waliikamilisha, tangu mizigo kufika hadi picha ya kwanza, kwa takriban siku 11. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 2023.

Mashine hiyo ililenga watoto wenye kichwa kikubwa, yaani waliojaa maji kwenye ubongo, ugonjwa ambao hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale imeutibu kwa miaka mingi, na ambao MOI jijini Dar es Salaam inaujua vilevile. Kwa upasuaji wa watoto hao daktari hahitaji kuona kila mshipa mwembamba. Anahitaji kujua maji yako wapi na ubongo umebaki kiasi gani, na picha yenye chenga kiasi inaweza kumtosha.

Je, bamba la nyaya lingeisaidia mashine dhaifu kama hiyo? Fikra za haraka zinasema ndiyo, kwa kuwa dhaifu ndiye anayehitaji msaada. Fizikia ni ngumu zaidi. Katika militesla 50 masafa hushuka hadi milioni 2 hivi kwa sekunde, na wimbi hurefuka kupita mita 100. Waya hulazimika kusokotwa mizunguko mingi ili uitikie. Tena, katika masafa hayo ya chini kelele haitoki hasa mwilini, hutoka kwenye waya wa shaba wenyewe. Kuongeza shaba ni kuongeza kelele pia. Faida kubwa ya mabamba haya, kwa sasa, iko kwenye Tesla 1.5 na zaidi, na hizo ndizo mashine zilizopo katika hospitali kubwa za Dar es Salaam.

Watakaofaidika na dakika pungufu si wenye vichwa vikubwa peke yao. Muhimbili imefuatilia kundi kubwa la wagonjwa wa selimundu tangu 2004, na watafiti wake wametumia MRI kuutazama ubongo wa watoto hao, kwa sababu selimundu huleta kiharusi kimya: sehemu ndogo ya ubongo hufa bila mtoto kupooza wala kulalamika, na dalili pekee inaweza kuwa kushuka kwake darasani. Kiharusi cha namna hiyo hakionekani kwa macho wala kwa eksirei. Mtoto wa selimundu naye hapendezwi na kufungishwa maji na chakula kwa saa nyingi, kwa kuwa upungufu wa maji mwilini unaweza kumletea maumivu makali.

Kwa sasa, katika chumba cha MRI

Bamba hilo bado ni kifaa cha watafiti. Hakuna mgonjwa anayepaswa kuliulizia anapopewa rufaa, na hakuna mhudumu anayepaswa kujaribu kitu kinachofanana nalo. Fizikia ileile inayolifanya bamba liwe na manufaa huufanya waya wowote mwingine ndani ya bomba kuwa hatari: ukiwa na urefu wa kuitikia, hupata moto. Kwa hiyo mgonjwa aulizwe, kwa upole na faraghani, kuhusu hirizi iliyofungwa kwa chuma au shaba, kipini cha pua, pini za mtandio, bangili za mtoto, nywele bandia zenye klipu, na nguo zenye nyuzi za kumetameta. Aulizwe kuhusu kifaa cha kusaidia moyo, vyuma vya mifupa, vipande vya chuma machoni kwa aliyefanya kazi ya uchomeleaji, na kitanzi cha uzazi. Vingi kati ya hivyo havizuii kipimo, lakini mtaalamu lazima avijue mapema. Mikono isifumbatwe wala mapaja yasigusane ngozi kwa ngozi, kwa sababu mwili wenyewe hufanya duara la kupitisha umeme. Kitambaa kikavu kati yake hutosha.

Mhudumu wa Bagamoyo anayeandika rufaa anaweza kuokoa dakika leo, bila bamba lolote: aandike swali mahususi analotaka lijibiwe, si "MRI ya kichwa" pekee, na aambatishe picha za awali. Mteknolojia akijua kinachotafutwa, huanza na sehemu hiyo kabla mtoto hajachoka.

Siku bamba likifika kwa majaribio ya kitabibu, watu wa Bagamoyo hawatakuwa wageni wa utafiti. Katika kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara kilichopo mjini humo, watoto wao walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021. Wazazi hao wanajua kuuliza. Jaribio la bamba litahitaji kibali cha maadili ya utafiti, na kifaa chenyewe kitakuwa chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Litahitaji pia mtu yuleyule apimwe mara mbili, mara moja akiwa na bamba na mara moja bila, na wasomaji wa picha wasiambiwe ipi ni ipi. Waanze watu wazima wanaoweza kusema "naona joto" na kubonyeza kengele. Watoto wafuate baadaye, na kwa anayelazwa kwa dawa ya usingizi, mzazi aelezwe kabla ya kutia saini ni dakika ngapi zitaongezwa kwa ajili ya utafiti, na kwamba akikataa, mwanawe atapimwa vilevile kwa njia ya kawaida.